Dorkas wa Same na kitufe kilichomeza wimbo wa Loth

Saa tatu asubuhi, jua la Same limeshaanza ukorofi wake. Bati la kibanda cha Dorkas Tumainieli linalia kwa joto, upepo wa barabara kuu unaingiza vumbi bila hodi, na mwenyewe ameinamia kompyuta mpakato kuukuu, kanga begani ya kufutia jasho, anasikiliza mwanzo wa wimbo wa kwaya. Anaufunga. Anaubofya tena. Anasikiliza uleule.

"Usinione chizi," anamwambia mwandishi bila kugeuka. "Naangalia nani anaamka."

Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Kwa maelezo ya Dorkas, wimbo ukishawekwa kwenye kompyuta unakuwa umelala. Mtu akiubofya, lazima programu fulani iamke iupige, na fundi ndiye anayeamua iamke ipi. Wenye kompyuta mpya hawajawahi hata kujiuliza, maana wanaikuta imeshachaguliwa. Lakini kompyuta za Dorkas zinatumia Linux, mfumo wa bure unaotengenezwa kwa kujitolea na watu wa nchi mbalimbali, na humo pleya za muziki na video zimejaa tele. Fundi mwingine anachagua yoyote, anafunga mashine, anakwenda kula. Dorkas, mwenye umri wa miaka 34, amelihangaikia jambo hilo tangu mwaka jana.

Sababu anayo. Kompyuta hii kesho inapanda Suji, kule juu milimani, kwenye ukumbi wa usharika, kwa kwaya ya kinamama. Huko kuna bibi mmoja ambaye akisema hapana, basi ni hapana. Mara ya kwanza alisema hapana, na mashine ikarudi mjini.

"Akikataa na hii, mimi na watu wa juu tumemalizana," anasema Dorkas. "Tena siwezi kuwalaumu."

Dorkas mwenyewe ni mtoto wa hukohuko juu. Amekulia Suji kwenye migomba na kahawa, baba yake akitaka awe nesi. Alipomaliza kidato cha nne alishuka Same akapata kibarua kwenye duka la steshenari, kuchapa barua na kurusha nyimbo kwenye flashi na memori kadi za wateja. Kazi ilikuwa nzuri isipokuwa virusi.

"Weee! Flashi moja inaingia, inaambukiza kompyuta, kompyuta inaambukiza flashi za mji mzima," anakumbuka. "Mtu kaleta picha za mazishi ya mama yake, anarudi kesho hakuna kitu. Analia mbele yako. Utamwambia nini?"

Aliyemtoa kwenye balaa hilo ni Habibu, muuza kompyuta za mtumba pale sokoni, aliyempa diski ya Linux na kumwambia ajaribu hiyo, haiambukizwi ovyo ovyo. Siku ya kwanza kioo kilikuwa cheusi tii, Dorkas akajua ameua mashine ya watu. Hakuwa ameua. Alikuwa hajui tu. Akajifunza, akakosea, akajifunza tena, mpaka Habibu akawa anamletea yeye mashine zilizochoka ili azifufue na kuziuza. Mwezi mzuri haukosi kumwachia laki tatu baada ya pango. Mwezi mbaya anakula kwa kurusha nyimbo.

Mwaka jana usharika ukaagiza kompyuta kwa ajili ya kwaya. Dorkas akajikuta anatabasamu peke yake njiani. Kazi ya nyumbani hiyo, tena watakaoitumia ni mama zake waliomlea.

Akaamua awafanyie kitu cha heshima. Katika pleya zote alizozifahamu akachagua moja iliyotafsiriwa, vitufe vyote kwa Kiswahili. Hakuna mama wa kwaya atakayehangaika na Kiingereza. "Nilijiona nimewaza mbali kweli," anasema, halafu anacheka kicheko cha mtu aliyeumia. "Kumbe!"

Hapa anaingia Bibi Agatha, mwenye miaka 71, kiongozi wa sauti ya pili na mjane wa mzee Loth. Loth ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya hiyo kwa miaka mingi. Alipokuwa hai, mgeni mmoja wa usharika aliwarekodi wakiimba nyimbo za zamani za Chasu, lugha ya Wapare, nyimbo kumi na tisa, za mavuno, za arusi na za msiba. Loth alifariki miaka sita iliyopita. Nyimbo zikabaki kwenye flashi moja, na flashi ikabaki kwenye pindo la kanga ya Bibi Agatha, pamoja na sadaka. Nakala nyingine haikuwepo popote.

Wanaozijua nyimbo hizo kwa kichwa wamebaki kinamama watano, wote wazee. Vijana wanazipenda, lakini kijana hujifunza kwa kusikia mara nyingi, na ndiyo maana kompyuta ikaagizwa.

Siku hiyo Dorkas aliifunga mashine ukumbini, akachomeka flashi, akawaonyesha harakaharaka, akakimbilia gari la kushuka, maana gari la Suji halimsubiri mtu. Bibi Agatha akabaki mbele ya kioo, amevaa vitenge vya kanisani. Mbele ya kila wimbo palikuwa na maneno mawili. Moja liliandikwa Cheza. La pili, Toa.

"Cheza!" Bibi Agatha anasema hadi leo kwa hasira. "Wimbo wa msiba unachezwa? Mimi mjane, nimekaa kwenye ukumbi wa kanisa, mashine inaniambia nicheze. Nikasema, huyu hana adabu. Nikaangalia pembeni nikaona Toa. Nikasema haya, kumbe adabu anayo kidogo."

Aliyewahi kukaa kwenye kwaya ameshaelewa kilichotokea. Wimbo hutolewa. Mmoja anautoa, yaani anauanzisha kwa sauti yake peke yake, na wengine wanaupokea. "Agatha, tutolee wimbo," ameambiwa hivyo tangu akiwa msichana, mashambani, misibani na kanisani. Basi akabonyeza Toa.

Aliyeitafsiri ile pleya, popote alipo, naye alikuwa na Kiswahili chake safi. Kwake Toa ilikuwa ni kuondoa, kama unavyosema toa takataka.

Mashine haikuufuta wimbo hivihivi. Iliuliza kwanza: Una uhakika?

"Ikaniudhi!" anasema Bibi Agatha. "Miaka hamsini natoa nyimbo, kitu cha juzi kinaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza Ndiyo kwa nguvu. Sikusikia wimbo. Nikasema labda huo umekwama, nikatoa wa pili. Ikaniuliza tena. Nikajibu tena."

Akaendelea hivyo hadi flashi ikawa tupu.

Dorkas alikuwa hajafika mjini simu ilipoita. Anasema hakusikia salamu. Alisikia sauti ya bibi ikiuliza taratibu, "Dorkas, Loth yuko wapi?"

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema.

Aliwaomba wasiweke chochote kwenye ile flashi, maana kitu kilichofutwa huwa bado kipo mpaka kingine kikalie nafasi yake. Ombi lilichelewa kidogo. Vitus, mtunza ukumbi, mtu mwema asiyeweza kuona jambo limeharibika akatulia, alikuwa ameshaweka video ya arusi ya binamu yake kuangalia kama mashine ni nzima. Ikacheza vizuri sana.

Kesho yake Dorkas akapanda na programu ya kuokota vilivyofutwa. Ilichambua flashi asubuhi nzima, na nyimbo zikaanza kurudi mmojammoja, bila majina, kama watu waliotoka usingizini. Kumi na nane zilirudi nzima. Kinamama wakapiga vigelegele. Wa kumi na tisa, wimbo wa msiba alioutoa Loth mwenyewe, ulirudi nusu. Sauti yake ipo, peke yake, ubeti mzima. Pale kwaya inapotakiwa kupokea, unakatika. Nafasi iliyobaki ilikuwa imekaliwa na arusi ya binamu yake Vitus.

Bibi Agatha aliusikiliza hadi ulipokatika. Mashine, kwa kuwa ndivyo ilivyopangwa, ikarukia palepale wimbo wa arusi.

Akainuka. "Beba mashine yako, mwanangu," akamwambia Dorkas. "Loth alikufa mara moja. Inatosha."

Dorkas alishuka na mashine mapajani, na kilio akakimalizia kibandani. Habari nazo zilishuka. Sokoni ukawasikia watu wa juu wakisema "ile kompyuta inayofuta". Wateja aliowazoea wakawa wanamsalimia kwa mbali na kupitiliza.

Mtu mwingine angeliacha. Dorkas akaanza upya, safari hii akiwa na akili moja: kabla ya kumchagulia mtu pleya, mkalishe mbele yake, nyamaza, mwangalie anavyokosea.

Masika ya mwaka huu Bibi Agatha alishuka Same kliniki ya presha. Dorkas akamvizia njiani, akamwamkia, akamsihi aingie kibandani apumzike. Akampakulia makande. Bibi alipokwisha kushiba, Dorkas akasogeza polepole mashine yenye pleya nyingine, nzuri kwa macho, inayokusanya nyimbo zote na kuzipanga kwa jina la mwimbaji. Bibi akavaa miwani. Juu ya nyimbo zake zote pleya ilikuwa imeandika: Msanii asiyejulikana.

"Hajulikani na nani?" akauliza.

"Ni mashine tu, bibi, haijaambiwa jina."

"Loth hajulikani? Nenda Suji kamuulize hata mtoto wa chekechea. Isiyojulikana ni hii."

Dorkas anaposimulia hapo anacheka hadi anashika tumbo, ila siku ile hakucheka. Baada ya bibi kuondoka alikaa akaandika jina ndani ya kila wimbo, Loth na kwaya yake, ili pleya yoyote itakayoufungua iliseme. Lakini ile ya kupanga wasanii ilikuwa na tabia ya mwenzake: wimbo ukiisha, inadaka unaofuata kabla watu hawajavuta pumzi. Akaitoa. Kuiondoa, tuelewane.

Aliyemfungua macho kabisa ni mteja mwingine. Naisiae ni mama wa Kimaasai anayeleta maziwa mjini kutoka nyanda kavu za chini, na simu yake imejaa video za sherehe za wanawe, nyingine zimelala ubavu, nyingine za aina ambazo hata fundi hazijui. Dorkas akamwekea pleya ya video yenye alama ya koni ya barabarani. Ikafungua zote, hata zilizolala.

Naisiae hakusoma shule. Alitazama kioo, akaweka kidole kwenye ile alama ya pembetatu.

"Hii pembe ndiyo ya kuanzia?"

"Ndiyo, mama."

"Na haya maandishi chini yake ya nini?"

"Yanaeleza ni ya kuanzia."

"Pembe imeshasema," akasema Naisiae. "Yafute, yanakuchanganyia watu."

Dorkas akakiangalia kioo upya. Mwaka mzima alikuwa akitafuta neno zuri kuliko Cheza na neno salama kuliko Toa, na hapo mtu anamwambia kwamba neno lenyewe halihitajiki. Mchana uleule akayaondoa maandishi yote.

Uamuzi wake wa mwisho uko hivi. Video zote zinaamsha ile ya koni, kwa sababu haibagui. Nyimbo zinaamsha pleya ndogo ambayo mafundi wengi hawaiwazii, ina kidirisha kama kiganja, pembe moja ya kuanzia, mraba mmoja wa kusimamisha, jina la mwimbaji juu. Kufuta haina. Wimbo ukiisha inanyamaza, inakusubiri wewe.

"Haijui kufuta," anasema Dorkas. "Hata uipigie magoti, haijui."

Nakala za nyimbo nazo sasa ziko sehemu tatu, moja ikiwa kwa mchungaji.

Kilichomweka leo akibofya wimbo uleule ni kosa alilogundua asubuhi. Linux haiulizi tu "wimbo", inauliza faili lake ni la aina gani, na nyimbo za rekoda ya yule mgeni ziko za aina mbili. Aina moja alikuwa ameshaipangia pleya ndogo. Nyingine, ambamo upo ule wa nusu, ilikuwa bado inamwamsha yule mkorofi wa zamani, Toa na Cheza wake na Una uhakika. Dorkas alipomwona anachungulia kwenye kioo alipiga kelele hadi muuza mitumba wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Amempangia aina ya pili, halafu amemng'oa mkorofi mwenyewe na mizizi. Anabofya tena kwa uhakika. Kidirisha kidogo kinafunguka.

"Haya. Kesho tunaamkia Suji."

Ijumaa saa tano ukungu wa Suji haujaachia migomba. Dorkas ameshuka kwenye gari akiwa ameikumbatia mashine kifuani. Ukumbini wamo kinamama watano wa kwaya, mmoja wao Bibi Agatha, aliyekaa benchi la nyuma kabisa, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kwenye kikao kusikiliza upande wa pili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ni yuleyule au mwingine?"

"Mwingine, bibi."

"Anafuta?"

"Hajui kufuta."

"Anacheza?"

"Hachezi, bibi. Hana neno hata moja."

Kinamama wanacheka. Yeye hacheki. Anainuka, anakuja mbele taratibu, anakaa, anavaa miwani. Dorkas anataka kumsaidia kushika kipanya, anajizuia, anarudisha mikono nyuma.

Nyimbo nzima kumi na nane ziko hapo, zimeandikwa vizuri. Bibi Agatha anazipita zote, anakwenda kwenye ule wa nusu. Anaubofya. Kidirisha kidogo kinafunguka, juu kimeandika Loth. Analisoma jina hilo kwa sauti, halafu anaweka kidole kwenye pembe, anagundua ni kioo, anacheka kidogo kwa aibu, anatumia kipanya.

Sauti ya Loth inatoka. Sauti nene, ya mtu asiye na haraka, inautoa wimbo kwa Chasu kama vile amesimama mlangoni mwa ukumbi. Hakuna anayetikisika. Ubeti unakwenda hadi mwisho wake, sauti inapanda pale inapoita wenzake, na inakatika.

Mashine inanyamaza. Hairukii kitu. Nje jogoo anawika, na Dorkas amefumba macho.

Ndipo Bibi Agatha, akiwa amekaa vilevile, anapokea. Sauti yake inakwaruza mwanzoni, halafu inanyooka. Mwenzake wa kwanza anaingia, wa pili, wote. Wanaupeleka ule wimbo kutoka pale Loth alipouachia, beti kwa beti, hadi kwenye amina yake. Vitus, aliyekuwa mlangoni na ufagio, amevua kofia.

Dorkas analia waziwazi, wala hajifichi. Mipango yake aliitaja jana kibandani: kuwaandikia wanaotafsiri zile programu awaombe Cheza iwe Anza, na Toa iwe Ondoa, "maana Linux ni ya wote, hata mtu wa Same anaruhusiwa kusema". Kupata mashine nyingine mbili kwa Habibu kwa ajili ya kwaya za jirani. Kurekodi kinamama wa Naisiae kule chini wakiimba. Sasa hivi yote hayo hayamo kichwani. Anapekua mkoba wake kutafuta simu.

"Unatafuta nini?" anauliza Bibi Agatha akifuta miwani.

"Simu, bibi. Turekodi. Yeye aanze, ninyi mpokee, niunganishe. Wimbo utakuwa mzima."

Bibi Agatha anafikiri. Anawatazama wenzake, anaitazama mashine.

"Vijana waambiwe waje Jumapili mapema," anasema. "Loth atawaanzishia mwenyewe." Anaweka mkono kwenye kipanya, na safari hii hasiti. "Iache hiyo simu hapo mezani, njoo usimame huku kwenye sauti ya pili. Mama yako alisimama hapahapa."

Dorkas anaiegemeza simu kwenye kopo la chaki, anaiwasha irekodi, anakwenda kusimama.